Nilivyofikisha gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku bila tumbo kujaa gesi

Ukisema unataka kuwalisha vizuri bakteria wa tumboni, utaambiwa mambo mawili: kula maharage kwa wingi, tumbo litazoea; au nunua vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai. Nimechoshwa na yote mawili, na kwa kuwa sasa nakula gramu 30 za nyuzinyuzi, chakula chao hasa, bila kuunguruma, najipa haki ya kubisha.

Binadamu hana kimeng'enya cha kuvunja rafinosi na stakiosi, sukari zilizomo kwenye maharage. Zinapita utumbo mwembamba zikiwa nzima, na zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha kwa kasi na kutoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Uchachushaji huohuo ndio unaoleta asidi fupi za mafuta, yaani asetati, propionati na butireti, na butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Kwa hiyo gesi yenyewe si ugonjwa. Kinachomtesa mtu ni kupandisha haraka. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku; anayekula 12 leo akirukia 30 kesho atajuta usiku uleule.

Mimi huongeza gramu 5, nasubiri wiki nzima, kisha naongeza nyingine. Tumbo likivimba sirudi mwanzo, nabaki palepale mpaka litulie. Mizani ya jikoni inatosha: gramu 100 za maharage yaliyokwisha kupikwa zina takriban gramu 6 hadi 8 za nyuzinyuzi. Usiyale yote mlo mmoja. Gramu 50 za maharage mchana na 50 jioni si sawa na 100 kwa mkupuo, hata kama jumla ni ileile.

Sasa kuloweka, ambako watu wengi hulipua. Maji baridi ya usiku kucha hutoa sehemu tu ya zile sukari, kwa sababu punje bado ni mbegu hai na utando wa seli zake unazizuia. Njia yangu ni kuiua mbegu kwanza: maji mara nne ya maharage, yachemke kwa nguvu dakika 3, zima, funika, acha saa 8 hadi 12. Mwaga maji yote. Usiyaonee huruma eti yana rangi nzuri ya mchuzi. Hiyo rangi imekuja pamoja na stakiosi. Suuza, weka maji mapya, pika. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na punje zikishakwisha kuloweka hivi huyahitaji.

Onyo kwa wenye majiko ya umeme ya kupika polepole: maharage mekundu yana lektini, protini yenye sumu, na moto mdogo hauivunji. Lazima yachemke kabisa, nyuzi 100, kwa dakika 10 au zaidi, ndipo uyahamishie huko.

Wali uliopoa nao husifiwa sana kwa wanga sugu, yaani wanga usiomeng'enywa unaowafikia bakteria. Upo, lakini ni gramu chache tu, usiutegemee. Ukiupenda, utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Spora (mbegu) za Bacillus cereus, bakteria anayetia chakula sumu, haziuawi na kupika, na moja ya sumu zake haiondoki hata ukiupasha tena.

Vidonge? Utafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, uliotoka mwaka 2018, uliona kwamba waliokunywa probiotiki baada ya antibiotiki walichelewa kurudishiwa bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa mwaka 2021, kwa watu wazima 36, ulionyesha kuwa wiki 10 za vyakula vilivyochachushwa ziliongeza aina za bakteria na kupunguza viashiria 19 vya uvimbe mwilini. Nyuzinyuzi peke yake hazikuongeza aina hizo kwa muda huo. Ndiyo maana nakula vyote viwili.

Kabichi ya kuchachusha ni rahisi: gramu 20 za chumvi kwa kila kilo ya kabichi iliyokatwa, zipimwe, zisikisiwe. Finya mpaka itoe maji, shindilia kwenye chupa, weka kitu kizito juu ili isichomoze nje ya maji yake. Chumvi ikipungua, bakteria wa kuozesha wanatangulia. Ikizidi, hata wale wanaotengeneza asidi ya kuichachusha wanazubaa. Legeza kifuniko kila siku siku za mwanzo, la sivyo chupa inaweza kupasuka. Utando mweupe laini juu unaenguliwa tu. Ukungu wa kijani, mweusi au wenye manyoya, tupa yote. Na usiichemshe ikishaiva. Utakuwa umewapika walewale uliowafuga.