Kabla ya kuandika kwamba MUC2 imezimika

Sentensi inayopendwa sana kwenye tasnifu za saratani ya utumbo mpana ni hii: MUC2, jeni ya ute wa utumbo, imepungua kwenye uvimbe. Huenda ni kweli. Ila kuna njia kadhaa za kuifikia sentensi hiyo bila jeni yenyewe kuguswa, na zote zinawezekana kabisa kwenye maabara za hapa Nairobi. Haya ni ya wanaoshika slaidi na pipeti, na pia ya msimamizi anayetia sahihi bila kuuliza ni kingamwili gani (protini ya kunasa shabaha kwenye slaidi) iliyotumika.

Musini, yaani protini za ute, ni glikoprotini (protini zilizopachikwa sukari) kubwa mno. MUC2, ambayo ndiyo inayojenga ute wa utumbo mpana, ina uti wa protini wa amino asidi zaidi ya 5,000. Katikati ya uti huo kuna sehemu ndefu zinazojirudia, zimejaa prolini, threonini na serini. Kwenye threonini na serini ndipo sukari hupachikwa, hadi takriban asilimia 80 ya uzito wa molekuli nzima inakuwa sukari. Jeni yake iko kromosomu 11, eneo la p15.5, jirani na MUC5AC, MUC5B na MUC6. MUC1 na MUC4 ni za ukoo mwingine: zimechomekwa kwenye utando wa seli. Umuhimu wa MUC2 hauna ubishi; mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba panya walioondolewa jeni hiyo huota uvimbe wa utumbo bila kuchokozwa na chochote. Tatizo ni kwamba mtu akisema “MUC2” anaweza kuwa amepima mRNA (nakala ya jeni), au uti wa protini, au sukari iliyoufunika, na majibu ya vitu hivyo vitatu si lazima yakubaliane.

Kosa la kwanza hutokea thieta. Fomalini husinyaza ute na sehemu kubwa huoshwa wakati wa kuandaa kitalu cha parafini. Ukitaka kuona tabaka la ute juu ya seli, tumia Carnoy, kimiminika cha kuhifadhi nyama: ethanoli 60, klorofomu 30, asidi asetiki kali 10, kwa ujazo. Methacarn ni hivyo hivyo, ila methanoli inachukua nafasi ya ethanoli. Usiisuuze sampuli kwa maji kwanza, na baada ya hapo ipitishe kwenye methanoli kisha ethanoli, isiguse maji mpaka iingie parafini. Tumia chupa ya kioo, kwa maana klorofomu huyeyusha vikopo vya polistairini na utakuta sampuli imegandamana na kikopo. Carnoy pia hupasua seli nyekundu za damu na kukaza nyama, hivyo mpatholojia hataipenda. Kipande cha uchunguzi wa mgonjwa kiende kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara 10 au zaidi ya nyama. Cha utafiti kitoke baadaye, kwa ruhusa ya mpatholojia, na pawe na kibali cha kamati ya maadili.

Sasa kingamwili. Ccp58, inayotumika sana kwa MUC2, ilitengenezwa dhidi ya kile kipande cha protini kinachojirudia. Kipande hicho ndicho hufunikwa na sukari musini inapopita Golgi, sehemu ya seli inayopachika sukari. Kuitafuta MUC2 iliyokomaa kwa kingamwili hiyo ni kama kutafuta fito kwenye ukuta uliokwisha kukandikwa. Ndiyo maana kwenye seli za goblet (zinazotengeneza ute) za kawaida utaona rangi ya kahawia karibu na kiini, huku lile fuko la ute, ambako MUC2 ndiko ilikojaa, likiwa limepauka. Kwa hiyo slaidi yenye rangi kidogo haimaanishi protini kidogo, na seli ya saratani isiyomaliza kupachika sukari inaweza kung'aa kuliko seli nzima iliyo jirani yake. Ukitaka kuhesabu MUC2 yote, chagua kingamwili ya upande wa mwisho wa protini, kule kusiko na sukari nyingi. Andika jina la kloni (aina mahususi ya kingamwili) kwenye sehemu ya mbinu. “Anti-MUC2” peke yake haimsaidii msomaji.

Kuna jambo la mji huu ambalo maelekezo ya kwenye kisanduku cha kingamwili hayalitaji. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maelekezo yakisema chemsha slaidi kwenye sitreti dakika 20 kwa maikrowevu, ili kuifungua protini iliyobanwa na fomalini, mwandishi alifikiria nyuzi 100. Zile nyuzi sita zinatosha kuifanya kingamwili dhaifu ionekane imekufa, hasa kwa nyama iliyolala fomalini wikendi nzima. Kuongeza dakika husaidia kidogo tu. Dawa yake ni sufuria ya presha: ikiwa vali inashikilia angahewa moja juu ya hewa ya nje, ndani utapata karibu nyuzi 118. Bafa ni trisodiamu sitreti dihaidreti gramu 2.94 kwa lita, pH 6.0, na Tween 20 asilimia 0.05. Ikigoma, jaribu Tris 10 mM na EDTA 1 mM, pH 9. Chemsha bafa kwanza ndipo uingize slaidi. Hesabu dakika tatu tangu presha ijae, kisha acha ipoe ndani ya bafa dakika 20. Ukizitoa zikiwa moto zitakauka, na pembeni utapata rangi ya uongo.

Vipande vya saratani yenye ute ndivyo hubanduka zaidi. Kwa vigezo vya WHO, zaidi ya nusu ya uvimbe huo ni ute ulio nje ya seli, na ute hauna cha kushikilia kioo. Kata mikroni 4, tumia slaidi zenye chaji, kausha usiku kucha kwa nyuzi 37. Kila slaidi iwe na kriputi (vishimo vya tezi za utumbo) za kawaida pembeni mwa uvimbe. Hizo ndizo shahidi wako. Kwa MUC5AC kriputi hazitoshi, kwani utumbo mpana wa kawaida hauitoi kwa kiasi cha kutegemewa. Weka kipande cha tumbo.

Tukija kwenye sukari, rangi za zamani bado zina kazi, tena kwa bei ya chini. Alcian blue gramu 1 kwa mililita 100 za asidi asetiki asilimia 3 hutoa pH 2.5, chuja, dakika 30, na musini zote zenye asidi zitakuwa buluu. Ukishusha pH hadi 1.0 kwa asidi ya haidrokloriki 0.1 N, zinabaki zenye salfeti tu. PAS, rangi ya kuonyesha sukari, hufuata: asidi periodiki asilimia 1 dakika 10, suuza, kimiminika cha Schiff dakika 15, kisha maji ya vuguvugu yanayotiririka dakika 10. Siku ya mgao wa maji, hapo ndipo watu hukatisha, na slaidi nzima hugeuka waridi. Ndoo mbili na kubadilisha maji mara tano au sita hufanya kazi ileile. Schiff ihifadhiwe kwa nyuzi 4 na itolewe mapema ipate joto la chumba. Ipime kwa matone machache ndani ya mililita 10 za fomaldehaidi ya asilimia 37: ikigeuka zambarau-nyekundu mara moja ni nzima. Ikisuasua kisha ikaja na buluu, imwage.

Utumbo mpana una ujanja wake hapa. Asidi sialiki, mojawapo ya sukari za musini zake, hubeba vikundi vya asetili, na vikundi hivyo huizuia asidi periodiki kushika. Ndiyo sababu kriputi yenye afya inaweza kuwa na PAS iliyofifia. Loweka slaidi dakika 30 kwenye potasiamu haidroksaidi asilimia 0.5 ndani ya ethanoli ya asilimia 70, asetili zitang'oka na rangi itapanda. Alkali hiyo hubandua vipande pia, kwa hiyo andaa slaidi ya akiba.

Hatua hiyo ndogo inagusa moja ya madai makubwa ya fani hii: kwamba sialyl-Tn, sukari fupi ya vizio viwili, iko kwenye saratani na haipo kwenye utumbo wenye afya. Kingamwili TKH2, inayotumika kuitafuta sukari hiyo, haiitambui sialyl-Tn yenye asetili. Ukiipaka bila alkali, kriputi za kawaida hazina kitu na uvimbe unawaka. Ukitanguliza alkali, kriputi nazo zinawaka. Maana yake sehemu ya kile tunachokiita sukari mpya ya saratani ni sukari ya siku zote iliyovuliwa asetili. Mimi ningekataa matokeo yoyote ya TKH2 yasiyoonyesha slaidi mbili sambamba, yenye alkali na isiyo na alkali.

Kwa RNA, mtego mkubwa ni hesabu ya seli. Utumbo wenye afya una seli za goblet tele. Uvimbe wa kawaida una chache. Ukisaga vyote viwili ukapima MUC2, umehesabu goblet tu, hujapima kama jeni ndani ya seli imeshuka. Kwangua eneo lililochorewa na mpatholojia, na linganisha na jeni ya epithelia kama EPCAM pamoja na jeni zako za kawaida za ulinganisho. Praima, vipande vya DNA vinavyoanzisha kunakili kwa PCR, zikae mbali na sehemu inayojirudia, na kwa nyama ya parafini bidhaa iwe jozi za besi 60 hadi 100. Ute huziba safu za kuchujia na huzuia PCR: punguza sampuli mara 10, Ct (idadi ya mizunguko hadi ishara ionekane) ikipanda pungufu ya 3.3, kuna kizuizi.

Wanaopokea faili za usomaji wa jenomu waangalie MUC16 na MUC4 zinapojitokeza juu ya orodha ya jeni zenye mabadiliko. Ni jeni ndefu zenye marudio, na vipande vifupi hukosewa mahali pake. MUC16 ilitajwa mwaka 2013 miongoni mwa jeni zinazoonekana kimakosa kuwa za saratani kwa sababu ya takwimu mbovu.

Na wodini, CA 19-9, kipimo cha damu cha saratani. Ni sukari iitwayo sialyl Lewis a, hubebwa na musini, na ili kuitengeneza mtu anahitaji kimeng'enya cha FUT3. Asiye na kimeng'enya hicho, yaani Lewis hasi, haitengenezi hata uvimbe ukiwa umesambaa. Kwa Wazungu hao ni kama asilimia 5 hadi 10. Kwa watu wa asili ya Kiafrika sehemu yao ni kubwa zaidi. Kipimo kikirudi karibu na sifuri, usimwambie mgonjwa kwamba ni habari njema. Kwa utumbo mpana fuatilia CEA, alama nyingine ya saratani kwenye damu, ambayo haitegemei Lewis: ipimwe kabla ya upasuaji, baadaye kwa mashine ileile, na uulize kuhusu sigara, kwani huipandisha.