Raba za laki mbili zilivyonitupa kwenye majamvi ya karafuu

Mie nakaa Wete, na asiyeijua Pemba aelewe kitu kimoja kwanza: huku hakuna pahala palipo sawa. Ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka, ukimaliza kushuka kuna bonde la mpunga lina maji, halafu unapanda tena. Nayasema haya mapema kwa sababu ushauri wote wa viatu niliopewa ulitoka kwa watu wanaokimbia Maisara kule mjini Unguja, uwanja umelala kama meza, wanazunguka zunguka kisha wanakwenda kula urojo. Sina ugomvi nao, ila wangeniambia tu "sie hatujui huko kwenu" ningeokoa pesa na kucha mbili.

Nilianza mazoezi kwa sababu ya sukari, daktari kaniambia kilo zishuke, nikajiunga na kikundi cha mtaani, wale wanaojipanga barabarani kila tarehe 1 Januari na fulana za rangi moja. Mwanzo nilikuwa navaa raba za mwanangu wa kiume, za skuli, na hazikuwa na neno kwa lami ya asubuhi. Tatizo lilianza nilipoonja njia za ndani. Lami inachosha jamani, magari yanakupita karibu, na kila mtu anakuuliza umefiwa na nani unakimbia alfajiri yote hii. Njia za ndani kuna kivuli cha mikarafuu na hakuna anayekuona.

Basi ndugu yangu mmoja wa mjini akanishauri. Akasema kiatu cha kukimbilia ni soli nene, laini, na Pemba kwa kuwa mvua nyingi nichukue zile zisizoingia maji. Maneno yana mantiki kabisa ukiyasikia umekaa kwenye kiti. Zikaja kutoka Dubai na mtu, laki mbili na kitu, na ya mzigo juu sijui ilifika ngapi, mume wangu mpaka leo anajua ni laki moja na naomba ibaki hivo hivo. Raba nzuri hizo! Rangi ya maziwa, soli nene kama godoro la watoto. Nilizivaa ndani siku mbili natembea sebuleni.

Siku ya tatu nikaziingiza njia ya ndani, upande wa Gando. Ilikuwa msimu wa karafuu na vuli imeshaanza, usiku imepiga mvua, asubuhi jua limetoka kali watu wakakimbilia kutandaza majamvi kabla halijabadilika. Kuna mteremko pale wa udongo mwekundu, ule mfinyanzi, ukilowa ni kama mtu kamwaga mafuta. Chini ya mteremko kuna uwanja wa nyumba, na uwanja wote majamvi, karafuu zimeanikwa. Mie nashuka najiona mwanariadha wa taifa. Hatua ya kwanza poa, ya pili kisigino kikaenda, nikasema nitajishika na mguu wa pili, wa pili ndio ukaenda zaidi, na ile soli laini ya juu juu ikakunjika pembeni kifundo kikalala. Nikakaa chini. Ukidhani nilisimama hapo umekosea, nilishuka mteremko mzima nimekaa, baibui limekunjamana mgongoni, mikono juu kama mtoto kwenye bembea, na nikaingia kwenye jamvi la kwanza miguu mbele nikatokea la pili.

Mwenyewe bi mkubwa alikuwa kakaa barazani na pakacha lake. Hakupiga kelele. Kaniangalia, kaangalia karafuu, akasema, "Mwanangu, nani anakufukuza?" Nikamwambia hakuna bibi, nafanya mazoezi. "Mazoezi ndo ya kuja kulala kwenye karafuu zangu?" Basi nilikaa pale mpaka saa nne kasoro naokota moja moja kwenye mchanga, na zilipokwisha akanisogezea pakacha la zile mbichi nimsaidie kuchambua makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, na mie kwa aibu sikuweza kusema nna kazi.

Lakini faida niliipata hapo hapo. Nimekaa nachambua, bi mkubwa, miaka sabini na huko, akapanda ule ule mteremko miguu mitupu, akarudi na kuni kichwani. Hakuteleza hata kidogo. Nikamuuliza bibi unafanyaje? Akaninyanyulia mguu, vidole vimetanuka kama vya kuku, akasema udongo unaukamata kwa vidole, wewe umevaa sahani. Wallahi hakuna muuza duka aliyewahi kunieleza soli kwa ufasaha ule. Nikapindua raba yangu ya Dubai, chini bapa, vimistari vidogo vidogo vya kupendezea na vyote vimejaa udongo. Sahani kweli.

Na hilo la kutoingia maji, msiniambie kitu. Nilipokuwa narudi nikavuka kijito, maji yakapita juu ya kiatu yakaingia kwa mlango wa mguu, na kwa kuwa ndani kuna bitana isiyopitisha maji basi yaliyoingia hayatoki, nikafika nyumbani kila mguu jagi. Zilichukua siku nne kukauka na zikanuka kama ngisi. Baridi ya Ulaya huenda zina maana yake, ila huku kiatu kitaloa tu, unachotaka ni kile cha wavu kinachotema maji unapokimbia.

Baada ya hapo nikawa nawaangalia watu miguu. Mtoto wa dada yangu anakimbia na njumu zake za mpira, kwenye tope anapita kama nyani, namuonea wivu. Lakini akiingia tu kwenye lami ni ko ko ko, na baada ya wiki mbili magoti yanamuuma maana njumu haina sponji yoyote chini. Kwa hiyo meno yanatakiwa, ila na kitu laini kidogo juu yake. Raba za njia za vumbi na misitu ndo hivo zilivyo, zina meno chini na sponji ya kiasi. Kwa mfinyanzi tafuta meno marefu, milimita tano hivi au sita, na muhimu zaidi yawe yameachana, yakibanana tope linakaa katikati na unarudi kwenye sahani ya bi mkubwa. Kwa njia kavu ya vumbi milimita tatu zinatosha sana, marefu yanakuchosha bure na lami inayala upesi.

Kisha kuna upande wa Micheweni na Kiuyu, huko ni mawe, yale ya matumbawe ya zamani, makali kama kisu. Nilikwenda na zangu za meno nikijua sasa nshajua kila kitu, soli laini, nikawa nahisi kila ncha inanipiga unyayo, na pembeni wavu ukachanika. Jiwe linataka kiatu chenye kibao kigumu kimefichwa ndani ya soli na mpira uliopanda juu mbele ya vidole. Ukikikunja kwa mikono kinakataa kukunjika kirahisi pale chini ya vidole, ndo utajua kipo. Mchanga wa Vumawimbi je, maji yakitoka ukawa mgumu? Miguu mitupu, acheni mambo mengi, ila usiende mbali siku ya kwanza maana mashavu ya miguu yatakuuma mpaka ushindwe kuchuchumaa, na geuka njiani, pwani imelala upande mmoja.

Pesa ya kununua mpya nne sina, mume keshaanza kuhesabu, kwa hiyo mie ni mtu wa mitumba, na hapa ndo nataka mnisikilize kwa sababu nshakuwa fundi. Kwanza namba. Wauzaji wote wimbo wao mmoja, chukua namba moja juu, kitalainika. Uongo. Namba ya kampuni hii si ya ile, nna raba ya 39 inanibana na nyengine ya 39 inanitoka. Mie nilikata karatasi. Nikasimama jioni, siyo asubuhi, jioni mguu umeshavimba kama unavyovimba ukikimbia, nikachora miguu yote miwili, nikapima kisigino mpaka kidole kirefu. Wa kulia sentimita 24 na nusu, wa kushoto 25, mguu mmoja mkubwa kuliko mwengine, sikuwahi kujua miaka yote hii na wengi wenu mko hivo hivo. Unafuata ule mkubwa. Ukiangalia ndani ya ulimi wa kiatu kuna kibandiko kina namba za Uingereza, Marekani, Ulaya, na raba nyingi zina na ya sentimita, mie nasoma hiyo tu, natafuta 26, yaani sentimita moja ya kupumulia mbele.

Halafu ile karatasi nimeikata kwa umbo la mguu, naitia kwenye mkoba. Nikifika sokoni Chake Chake natoa kile kitambaa cha ndani cha kiatu naweka karatasi juu yake. Karatasi ikizidi pembeni kwenye vidole, kiatu chembamba, siulizi hata bei. Miguu yangu mipana mbele kama ya bata, nimekua sijavaa viatu mpaka darasa la tatu, na viatu vingi wanavitengeneza kama kidole kirefu kipo katikati ya mguu, sijui walimpima nani. Muuzaji mmoja alikasirika akaniambia, "Dada, unanunua kiatu au unakata nguo?" Nikamwambia vyote. Siku hizi ananiwekea.

Sponji nabonyeza kwa kidole gumba. Ikiingia na kurudi nzuri, ikiwa ngumu kama ubao au imejaa makunyanzi pembeni imeshakufa, mwenzio wa Ulaya kaimaliza. Inasemwa raba ni kilomita mia tano mpaka mia nane hivi, na wa mtumba huambiwi alikimbia ngapi, kwa hiyo pindua uone kisigino kimelika kiasi gani. Na jihadhari na inayong'aa mpya kabisa ila ya zamani! Nilipata moja nikajiona mjanja, haijavaliwa, elfu thelathini na kitu, kilomita ya tatu soli ikaanza kubanduka vipande vipande kama kashata, nikarudi nyumbani nimekanyaga kitambaa. Kuna aina ya sponji unyevu unaila yenyewe kwa yenyewe hata ikikaa kwenye boksi miaka. Na gundi vile vile, kwa hiyo yoyote nikinunua inapita kwa fundi kwanza anaishona soli kuzunguka, elfu tatu au nne, kabla ya tope halijaivua.

Kuna na wale wanaokwambia uchague kiatu kwa kulowesha mguu ukanyage sakafu, uone umbo la unyayo. Nilifanya, unyayo wangu ukatoka wote kama chapati, nikaambiwa lazima nivae kiatu kigumu cha kunishikilia kwa ndani, nikavaa, goti likauma mwezi. Baadae nikasoma kwamba jeshi la Marekani lilijaribu hayo hayo kwa makuruta, kuwagawia viatu kwa umbo la unyayo, na majeraha hayakupungua. Vaa, kimbia hata hatua ishirini hapo hapo sokoni wakucheke, mguu ukisema hapana basi hapana. Mwenzangu wa kikundi yeye mwembamba, kilo hamsini, anapenda soli nyembamba na anaruka kama swala. Mie na kilo zangu nikivaa za kwake nyayo zinawaka moto. Hatuazimani.

Kucha nilikwambieni zimekwenda mbili. Hiyo ni kushuka, mguu unateleza mbele ndani ya kiatu unagonga. Nilidhani kiatu kidogo nikanunua kikubwa, ikawa mbaya zaidi! Dawa ilikuwa kwenye kamba. Yale matundu ya juu kabisa yaliyokaa pembeni ambayo kila mtu anayaacha, hayakuwekwa kwa urembo. Unaingiza kamba tundu hilo hilo la upande ule ule, inabaki kitanzi kidogo, upande wa pili hivo hivo, kisha kila kamba unaipitisha kwenye kitanzi cha mwenzake, unavuta kuelekea chini, ndo unafunga. Kisigino kinakamatwa hakitoki. Mtihani wangu ni ngazi, nashuka kwa kishindo, vidole visiguse mbele. Sokoni hakuna ngazi, natumia ukingo wa mtaro.

Zikiloa natia gazeti ndani, nabadilisha mara mbili, kivulini. Juani gundi inalegea.

Sasa hivi nna za lami, nna za mfinyanzi, na zile za Dubai mume wangu anavaa kwenda msikitini, anazisifu sana. Bi mkubwa nikipita ananiamkua kwa mbali, "Leo unakuja kwa miguu au kwa makalio?" Za mawe ndo bado. Mwenye kuziona mitumba za kike, sentimita 26, pana mbele, kibao kigumu chini, anistue, nakuja Chake siku hiyo hiyo. Zenye bitana ya kuzuia maji msinitajie.