Mfalme Anayewashwa Pua

Likizo hii nimekuwa nikiwasomea watoto wa dada yangu, hapa Kampala, riwaya ya Mark Twain iitwayo The Prince and the Pauper, iliyotoka mwaka 1881 na ambayo mwandishi aliitabaruku kwa binti zake wawili, Susy na Clara. Macho yangu yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili, na ninapokwama mpwa wangu wa kike huniokoa kwa Kiganda.

Tom Canty, mtoto wa mtaa wa makapuku wa London, anabadilishana nguo na Edward, mwana wa mfalme aliyezaliwa siku moja naye na anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili. Mlinzi anamtimua Edward langoni kwa ajili ya yale matambara, na Tom anabaki ikulu. Nilidhani watoto wangestaajabia mfalme mdogo kiasi hicho, lakini wapi! Daudi Chwa alirithi kiti cha Buganda mwaka 1897 akiwa na mwaka mmoja tu, na Oyo wa Tooro, ufalme mwingine wa hapa Uganda, alitawazwa mwaka 1995 akiwa na miaka 3. Edward VI wa kweli, aliyeshika ufalme mwaka 1547 akiwa na miaka 9, kwao alikuwa mzee.

Kinachonichekesha mimi ni kwamba Tom anaungama tangu mwanzo kuwa yeye ni mtoto wa maskini, na kila anapoungama wakubwa wanamhurumia kuwa akili imemruka, hadi mfalme anaamuru asikanushe tena cheo chake. Nami namwelewa. Nilipokuwa mgeni mjini hapa nilijifanya ninajua Kiganda, nikawa ninamjibu muuza ndizi "kale, kale", yaani sawa, sawa, kwa kila alichosema, mpaka nikajikuta ninalipia mikungu mitatu ya matoke nisiyoweza hata kuinyanyua.

Sehemu tuliyoirudia mara tatu ni ile ya Tom mezani. Yupo mwenye kazi ya urithi ya kumfunga kitambaa cha kulia, na yupo wa kumwonjea chakula. Ghafla pua inamwasha. Anawauliza mabwana hao desturi inasemaje, nao wanatazamana kwa huzuni, kwa maana katika historia yote ya Uingereza hakuna mkuna pua wa urithi. Machozi yanamtoka Tom, kisha anajikuna mwenyewe. Baadaye analetewa bakuli la dhahabu lenye maji ya waridi ya kunawia, naye anayanywa, akisema yana ladha nzuri ila hayana nguvu.

Mpwa wangu wa kiume, aliyefundishwa shuleni kwamba ukoo wa Ngonge ndio wenye kazi ya kumtengenezea Kabaka, mfalme wa Buganda, nguo za magome ya mutuba, aliona Waingereza wamezembea. Alisema kazi ya pua ingepewa ukoo mmoja mapema, na mambo yangekwisha.

Jioni hiyo mama yao alipoleta beseni na jagi, yule bwana alinawa, akayatazama maji kwa kitambo kiasi cha kunitia wasiwasi, kisha akanyoosha shingo na kumwamuru dada yake amkune pua. Dada alitii papo hapo, kwa mkono uliojaa povu la sabuni.