Mikono ya shangazi ndiyo inayolipa kodi ya nyumba

Kodi ya nyumba, luku, ada ya mtoto na chakula cha mwezi, vyote siku hizi vinatoka kwenye video za shangazi yangu akipika. Sina duka wala ajira. Naishi Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, na majirani waliamini kwa muda mrefu kwamba kuna mtu Oman ananiletea hela. Hawakukosea sana, ila si mtu mmoja. Ni wengi, na hatujuani.

Kabla ya hapo nilikuwa nafanya kazi steshenari: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu. Shangazi alikuwa anauza vitumbua barazani asubuhi. Nilipomwomba nimrekodi alishangaa.

"Unirekodi mimi, nimefanya nini?"

"Watu waone vitumbua unavyovipika, shangazi."

"Mikono nakuruhusu. Uso wangu usiupeleke huko, mimi mtu mzima."

Basi simu nikaielekeza chini, na mpaka leo chaneli yetu ya YouTube haina uso wa mtu. Wapo walioniambia bila sura mtu hatoki. Mimi naona sharti la shangazi ndilo lililotutoa, maana pasipo uso macho ya mtu yanabaki kwenye kazi: mchele uliolala majini usiku kucha ukasagwa na tui la nazi, hiliki na hamira, uji ukaumuka mpaka ukaanza kutoa vitobo juu, mafuta yakatiwa kidogo katika kila shimo la chuma. Anamimina, anasubiri pembeni pakauke, kisha anachomeka kijiti ukingoni na kukisukuma kitumbua. Kikizunguka bila kung'ang'ania, anakigeuza. Kikishika, anakiacha. Hasemi neno. Video ile watu waliitazama mpaka mwisho, na saa za kutazamwa zikapanda.

Saa ndizo zilizonisumbua. Ili YouTube wakuingize kwenye mgawo wa matangazo unatakiwa uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Njia nyingine ni video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, jambo ambalo kwa mapishi ya uwani kwetu sikulitegemea. Na saa za video fupi zinazopita kwenye ukurasa wake hazihesabiwi katika zile 4,000, kwa hiyo anayejaza vipande vya sekunde thelathini akingoja saa zipande atangoja sana. Mimi vipande vifupi, vya YouTube na vya TikTok, navitumia kama bango la kumwita mtu aje kwenye video ndefu.

Ukishakubaliwa kuna mambo ya karatasi. Mapato yakifika dola 10 wanakutumia barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako, kwa posta ya kawaida, na sisi huku nyumba hailetewi barua. Tafuta sanduku la posta la mtu unayemwamini mapema, na liandike sawasawa. Halafu kuna fomu ya kodi ya Marekani. Wengi wanairuka kwa kuona Marekani haiwahusu. Usipoijaza wanaweza kukukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote, hata ya mtazamaji wa Handeni. Ukiijaza, kinachokatwa kodi hiyo ni kile tu kilichotokana na watazamaji walioko Marekani. Malipo yenyewe hayatoki mpaka ufikishe dola 100.

Fedha za mwanzo hazikutosha hata luku, na watazamaji walikuwepo. Hapo ndipo nikakaa na takwimu za chaneli usiku mmoja baada ya mwingine. Kwenye video ndefu mwenye chaneli anapata asilimia 55 ya fedha ya tangazo, lakini nafasi ya tangazo inauzwa kwa mnada, na mfanyabiashara anayemtaka mtazamaji wa Muscat au London anatoa zaidi kuliko anayemtaka wa Korogwe. Watazamaji wetu wengi walikuwa Tanzania na Kenya. Fedha nyingi ilikuwa inatoka kwa wale wachache wa Oman na Uingereza.

Nani hao? Ni watu wetu. Oman kuna familia nyingi zinazosema Kiswahili nyumbani, wenye bibi aliyetoka Unguja au Pemba, na wanautaka mkate wa kumimina kama wa bibi huyo. Wakiuliza swali linakuwa moja kila mara: kiasi gani? Shangazi anapima kwa jicho. Nikanunua mizani, nikawa namkamata mkono kabla hajamwaga, akawa anakasirika, tukazoea. Sasa kila kipimo kinaandikwa kwa gramu na kwa kikombe, na kama kuna tui la kopo au unga wa mchele wa dukani unaofaa badala ya kusaga, tunaupika nao tuone, kisha tunasema ukweli umetokaje. Wa Korogwe hakupoteza kitu hapo, na wa Muscat akawa anarudi.

Ramadhani ndiyo mavuno yetu. Kaimati, visheti, sambusa na tambi za sukari tunazirekodi Rajabu na Shaabani, zinakaa tayari, kwa sababu shangazi akifunga hapiki mbele ya kamera mchana, na sithubutu kumwomba. Januari ni kinyume chake: makampuni yamemaliza bajeti za mwisho wa mwaka, watazamaji wapo vile vile lakini fedha inashuka. Kwa sababu ya Januari sikuacha steshenari niliposhika mwezi mmoja mzuri. Nilingoja mpaka video zikaivusha nyumba hata kwenye miezi mikavu, na akiba ikabaki.

Urefu nao una maana. Video ikifika dakika 8 unaruhusiwa kuweka matangazo katikati. Lakini pishi la dakika tano ukilivuta lifike nane, watu wanaondoka. Mimi naunganisha mapishi mawili yanayoliwa pamoja, kama mbaazi za nazi na mahamri.

Na huu ni mji wa taarabu, redio ya jirani hailali. Wimbo ukiingia kwenye video mashine inautambua, na mwenye haki anaweza kuchukua fedha ya matangazo ya video nzima. Tunarekodi asubuhi mapema, kabla baraza hazijachangamka.

Matangazo peke yake yanatosha nusu ya maisha, pengine kidogo zaidi. Nusu nyingine ni viungo vya pilau ambavyo shangazi anakaanga na kusaga mwenyewe. Mtazamaji anayeagiza kutoka Dar analipa kwa simu, mzigo unapanda basi stendi ya Kange asubuhi. Wenye maduka nao wanalipa tutumie unga wao au sufuria zao. Tunalitaja hilo kwenye video, na kisanduku cha tangazo la kulipiwa nakiweka alama. TIN, namba ya mlipa kodi, ninayo, kwa sababu mapato ya video ni mapato. Kanuni za maudhui mtandaoni zipo tangu 2018 na zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo kabla hujaanza waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wenyewe, usimuulize rafiki.

Baada ya kutoa bando, nazi na mkaa, tunagawana nusu kwa nusu. Mwanzo alikataa: "Hela ya kupigwa picha mikono?" Siku hizi malipo yanatoka kati ya tarehe 21 na 26, na ikifika 21 ananiwahi hata shikamoo sijaimaliza.

"Marahaba. Wazungu wameshaingiza?"

Namwambia asubiri, benki nayo ina siku zake.