Migongo Gizani

Dakika 89 za Smoke Sauna Sisterhood zimekwisha, na kinachokataa kutoka kichwani ni migongo. Mabega, jasho linaloteleza juu ya mbavu, sauti. Nyuso ni chache mno.

Filamu hii ya hali halisi ya mwongozaji Anna Hints, ya mwaka 2023, inatoka Võru, kusini mwa Estonia, ambako desturi ya sauna ya moshi, chumba cha kuogea kwa mvuke, iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Sauna hiyo haina dohani. Kuni huwaka kwa saa kadhaa chini ya rundo la mawe, moshi ukijaa chumbani na kupaka kuta masizi. Moto ukishakufa, moshi huachwa utoke, ndipo watu waingie, uchi. Mwenye haraka akiingia makaa yangali hai, anaikuta hewa ileile inayoua waliolala na jiko la mkaa ndani. Maji yakimwagwa juu ya mawe hupanda leil, yaani mvuke, neno la Kiestonia lenye undugu na lélek la Kihungari: roho.

Kupiga picha humo ni adha. Joto hupita nyuzi 80, na kamera nyingi za dijitali zimeundwa kuvumilia hadi nyuzi 40 hivi. Lenzi iliyotoka kwenye baridi hupata ukungu papo hapo. Ukiifuta, unarudi, kwa kuwa kioo bado ni baridi kuliko mvuke. Basi lenzi hutangulizwa ndani ipate joto taratibu, na mwili wa kamera huzungushiwa barafu. Anayepiga picha hukaa chini, maana joto kali liko juu. Na kile kipaza sauti cha kubana kwenye kola? Kola yenyewe hakuna.

Baadhi ya wanawake wanaosimulia humo saunani walikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba sura zao zisionekane. Hapo ndipo filamu ilipopata lugha yake. Mmoja anasimulia kubakwa, na mtazamaji, akikosa uso wa kuuhukumu, hubaki kusikiliza tu. Pale inapotoka nje kwenye theluji na ziwa lililoganda, picha ni nzuri sana, pengine nzuri kupita kiasi, uzi unalegea. Kisha mlango unafungwa tena, maji yanachotwa, mawe yanachachatika, na mtu asiyeonekana anaanza kusema.