Video ya somo, bando la buku na kazi isiyoonekana

Kati ya vyote nilivyochangia kwenye aplikesheni ya kujifunzia, kilichokula muda wangu kuliko vyote hata hukioni kwenye skrini. Ni kushusha video, basi.

Iko hivi, mtoto anashusha somo la MB 80, imefika asilimia tisini mtandao unakata (huku Uyole mvua ikianza si unajua mwenyewe), ukirudi inaanza sifuri, bando la buku kwishney na somo hajaliona. Binti wa dada yangu anasoma Tukuyu ndo alinionyesha, "mjomba ona, imerudi tena mwanzo", nikacheka ila roho iliniuma.

Zile aplikesheni za Kiswahili zilizojaribiwa Tanga kwenye Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kufundishia watoto, ambapo onebillion na Kitkit School waligawana dola milioni 10 mwaka 2019, masomo yalikuwa ndani ya tableti tayari. Na zimewekwa bure GitHub, ule mtandao wa kuwekea kodi za programu, ndo nilikoanzia kupekua. Ila huku kwetu mtoto anategemea simu ya mama na bando la kuungaunga, na wengi wanaoziandika hizi programu wai-fai yao haikati, wangeliona wapi hilo tatizo?

Dawa yenyewe ya zamani sana, ipo kwenye HTTP 1.1, zile kanuni za simu na seva kuongea, tangu miaka ya 90. Unaiomba seva kwa heda ya Range (mstari wa maelekezo unaokwenda na ombi) ikupe kuanzia baiti ulipoishia, ikikubali inajibu kwa namba 206, yaani kipande tu. Kasheshe ni faili likiwa limebadilishwa kule wakati wewe una nusu ya zamani, hapo unaunga kichwa cha mbuzi na kiwiliwili cha ng'ombe, video inacheza kidogo inaganda. Kwa hiyo unatuma na heda ya If-Range yenye ETag (alama ya kutambulisha toleo) ya faili la mwanzo, likiwa limebadilika seva inakupa lote upya kwa namba 200. Na kuna seva hazijali Range kabisa, nazo zinajibu 200, ukibandika tu mwishoni umeharibu, we angalia namba ya jibu kwanza.

Jamaa anayepitia mabadiliko ya kodi akagoma kupokea yangu bila jaribio, sawa, ana haki, nikaandika kaseva kadogo kanakokata laini katikati makusudi. Kalinitoa jasho kuliko marekebisho yenyewe! Ikapita.

Sasa nahangaika na simu zilizojaa, inatakiwa icheki nafasi kabla haijaanza kushusha. Mwenye simu ya zamani yenye memori ndogo, uwe Mwanjelwa au Mafinga, niazime nijaribie jamani, bando natia mimi.