Walivyoniita Joe kule Ballarat

Jina langu Yosefu, lakini tangu nifike Melbourne nimekuwa Joe. Msimamizi wa zamu ndiye aliyelikata, nami nikaliacha likatike. Kwa hiyo Jumamosi ile, nimeinama kwenye kijito cha Ballarat, mji wa dhahabu wa zamani huku Australia, na karai mkononi, niliposikia mtu nyuma yangu anapaza sauti "Joe! Joe!", niliinuka nikaitika "Naam!" kwa sauti ya darasani. Maji ya karai yote yakaingia viatuni. Watoto wa wageni walicheka mpaka mama zao wakaona haya.

Nitarudi hapo. Kwanza niseme la nauli, maana lilinikera mapema. Nauli yenyewe si mbaya, ila reli ilikuwa na matengenezo, tukashushwa kwenye treni tukapakiwa kwenye basi, na safari ya saa moja na nusu ikakaribia saa tatu. Kufika kwenye kijiji cha makumbusho, kiingilio. Nilisimama dirishani nikakigeuza kuwa shilingi zetu, dhambi ambayo kila aliye ughaibuni anaijua na hatubu. Lilikuwa gunia la mchele. Na baridi! Mji uko juu, upepo wa Julai unakupita mbavuni kana kwamba hukuvaa kitu. Nikanunua andazi la nyama lisilojaa kiganja kwa bei ya sahani mbili za wali na samaki Geita, nikalila nimesimama.

Kijiji kimejengwa kufanana na machimbo ya miaka ya 1850: mahema, farasi, fundi chuma. Hayo nimeyapita haraka. Nilichokifuata ni maji, kwa sababu nimekulia machimboni na nilitaka kuona wazungu wanavyochekecha.

Sasa huyo aliyeniita. Alikuwa mwigizaji aliyevaa kama mchimbaji, na nyuma yake polisi wawili wa kuigiza wanakuja mbio. Mzee mwenye ndevu nyeupe anayewafundisha wageni kuosha mchanga alinifuata akinipa pole huku anajizuia kucheka. Hukuitwa wewe, akasema, ile ni kelele ya hatari. Gavana wa kwanza wa koloni la Victoria aliitwa Charles Joseph La Trobe. Wachimbaji walilichukua jina lake la katikati wakaligeuza tusi, na polisi wa kukagua leseni za kuchimba wakionekana, "Joe!" linaruka kutoka shimo hadi shimo, asiye na karatasi akimbilie porini au ajitumbukize chini.

Hapo nikacheka mimi. Kwetu ulikuwa mluzi. Mtoto wa kwanza kuona gari la askari anapuliza, na mwaloni, pale pa kuoshea mchanga, panabaki makarai tu.

Mzee akanieleza kwa nini karatasi ile ilichukiwa hivyo. Mwanzoni ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi, upate usipate. Na dhahabu ya Ballarat haikuwa ya kuokota. Baada ya ile ya juu kwisha, iliyobaki ilikuwa kwenye mikondo ya mito ya kale iliyofukiwa, makumi ya mita chini. Watu walichimba maduara, yaani mashimo marefu, wakayakandika mbao yasiporomoke, wakateka maji usiku na mchana, miezi inapita hujafika kwenye kokoto, na ukifika pengine hakuna kitu. Leseni haingoji. Mwaka 1854 gavana mpya, Hotham, akaamuru msako mara mbili kwa wiki. Waliokamatwa, pasipokuwa na mahabusu, walifungwa minyororo kwenye miti. Novemba mwaka huohuo wakazichoma leseni, wakajenga boma la magogo Eureka, na alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, askari wakawavamia. Robo saa hivi, yakaisha. Wachimbaji wasiopungua 22 walikufa.

Mchana nikaenda kuiona bendera yao. Imewekwa kwenye chumba chenye giza, kitambaa cha buluu kilichonyofolewa vipande, msalaba mweupe na nyota. Karibu yake nikasoma habari za watu 13 walioshtakiwa kwa uhaini. Wa kwanza kusimamishwa mahakamani, Februari 1855, ni John Joseph, mtu mweusi kutoka Marekani. Nikairudia sentensi. Mtu mweusi. Joseph. Na mwenzake mmoja, James Campbell, alitoka Jamaika. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia Joseph, na umati uliokuwa nje ukamweka kwenye kiti, ukambeba ukizunguka naye mitaani Melbourne. Wenzake nao wakaachiwa mmojammoja, leseni ikafutwa, pakawekwa kibali kilichoitwa haki ya mchimbaji, pauni moja kwa mwaka. Joseph mwenyewe alikufa 1858, upande wa Bendigo.

Kile kiti kimenikaa kichwani. Mitaa hiyo ndiyo ninayopita saa kumi alfajiri nikitoka kufagia ofisi, na hakuna aliyewahi kunibebea hata ndoo.

Wachina hawakubebwa. Mwaka 1855 Victoria iliweka kodi ya pauni kumi kwa kila Mchina atakayeshuka bandarini, basi wakashukia Robe, koloni la jirani, wakatembea zaidi ya kilomita 400 mpaka machimboni. Nikamkumbuka babu, aliyetoka Kibondo kwa miguu enzi za Mwingereza kwenda mgodi wa Geita. Mgodi ulifungwa 1966, lakini kipande chake, kadi ya kazi ya siku 30, alikitunza kwenye kopo la ugoro mpaka anakufa, kana kwamba kuna mtu angekuja kukikagua.

Kabla ya kufunga nilirudi kijitoni. Safari hii sikumwaga. Nikalizungusha karai kama nilivyofundishwa na mama, mzee akasogea, akaniuliza nimejifunzia wapi. Geita. Hakuijua. Akaninong'oneza kwamba asubuhi humwaga dhahabu kidogo mtoni, mgeni asiondoke mikono mitupu. Nikapata punje sita kwenye kichupa cha kioo.

Ndani ya basi nikampigia mdogo wangu, yuko kwenye duara huko nyumbani. Picha alikwisha kuiona.

"Kaka, hiyo haifiki hata pointi moja ya gramu."

Nikamweleza yote, boma, kiti, Wachina. Akasikiliza, kisha akauliza swali la mchimbaji: "Na mwenye shamba alikuwa anachukua mifuko mingapi ya mawe?"

Nilikuwa nimekipita kibao kinachosema ardhi ile ni ya Wadawurrung, wenyeji wake wa asili, sikusimama kukisoma hadi mwisho. Nikamwambia hawakupewa hata mfuko mmoja.

Kimya kidogo.

"Huyo anayemwaga dhahabu mtoni," akasema, "hebu muulize kama wanaajiri."